Gurudumu la Moshi

Kirikuu ya mama lishe Sikujua ilikuwa na tabia ya kumwaibisha mwenyewe mbele za watu. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, tena kwa maringo, lakini ikifika nusu ya mlima wa Mwalugesha ikiwa imebeba masufuria ya wali, maharage na ndoo mbili za mchuzi, ilianza kukohoa na kutetemeka, kisha ikapanda polepole kiasi kwamba waenda kwa miguu waliipita wakimpa dereva pole. "Pole, mayu," walisema kwa Kisukuma chao cha heshima, yaani pole mama, na wengine wakajitolea kusukuma. Sikujua aliwashukuru huku ameuma meno. Hakuna kinachomuuma mwenye gari kama kupewa pole na mtu asiye na gari.

Tusiilaumu sana. Kirikuu ni kigari kidogo cha mizigo kutoka Japani, na injini yake ya silinda tatu wanaume wawili wanaibeba bila kuitana mara ya pili. Hii ya Sikujua ndiyo iliyompeleka Hosiana, binti yake, shuleni asubuhi, ikaenda sokoni Kharumwa kufuata nyanya, ikaenda mashine ya kusaga, na Jumapili ikaenda kanisani. Haikuwa na siku ya mapumziko. Ila kazi yake kubwa ilikuwa hiyo ya mlimani, kuwapelekea chakula wachimbaji sitini wa maduara ya Mwalugesha, yaani yale mashimo ya dhahabu yaliyotapakaa juu huko kila moja na turubai lake.

Zamani maduara yalikuwa chini, pale barabara inapoanza kuinuka. Baada ya masika wachimbaji waliufuata mwamba wenye mali, mwamba ukapanda, nao wakapanda, na chakula kikalazimika kupanda pia. Utasema basi angeondoka mapema. Angeondoka vipi? Alfajiri alikuwa mlimani na uji na chapati, saa tatu alirudi na vyombo vitupu, ndipo akawasha moto wa wali. Siku ina saa zake, na hata ukiipigia magoti haikuongezei.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita alifika saa saba na dakika thelathini na tano. Zamu ya mchana ilikuwa imekwisha kuanza kushuka na njaa yake. Athanas, msimamizi wa maduara, alimfuata garini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Mama Hosiana, Mwigulu amelegea kwenye ngazi," alisema. "Kamba ya kiunoni ndiyo iliyomdaka. Alikuwa hajala."

"Mungu wangu! Yuko wapi?"

"Pale kivulini, wamempa chai. Hajambo." Athanas alitazama masufuria yaliyokuwa yakifuka mvuke. "Sikufukuzi kwa ubaya. Lakini Jumatatu, saa saba kamili, chakula kiwe hapa kabla zamu haijashuka. Kisipokuwepo nitatafuta mama lishe mwingine, na wewe mwenyewe utaona nina haki."

Sikujua aliona ana haki, na hilo ndilo lililomtoa machozi wakati wa kuteremka. Kazi ile ndiyo iliyomvisha Hosiana sare na kuwapa paa juu ya vichwa vyao. Hakuwa na nyingine, wala hakuwa na mume wa kumwambia tufanyeje. Basi hakwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja mpaka gereji ya Abdulshakur.

Abdulshakur alikuwa fundi wa nyuma ya soko la Kharumwa, mzee wa miaka hamsini na kitu mwenye kofia ya vito iliyoshinda ikikwepa oili. Babu zake walitoka pwani, wakakaa Tabora, yeye akazidi kusogea bara akifuata injini. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye malori ya mgodi mkubwa kabla ya kufungua gereji yake. Alipenda kuzizungumzia injini kama wakwe zake, kwa heshima na umbea pamoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Hosiana. Nimeisikia tangu uko kwenye kona. Leo imekuudhi nini?"

Sikujua akamweleza yote, mlima, Mwigulu, Jumatatu. Abdulshakur akafungua kiti cha dereva, maana injini ya kirikuu hukaa chini ya makalio ya mwenyewe, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaipandisha mngurumo, akaushusha, akaizima.

"Nzima," alisema. "Haina ugonjwa wowote. Ni ndogo tu, na mlima ni mkubwa. Petroli inayo, moto wa plagi inao. Inachokosa ni hewa. Ukiilisha hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe, itakula na petroli zaidi, na itapanda mlima wako ikiimba."

"Hewa?" Sikujua aliuliza. Neno lile lilikuwa na uzito kwake.

Abdulshakur aliingia ndani akatoka na vitu viwili, akavilaza juu ya gunia. Vyote vilitoka kwenye kontena la spea za mtumba kule Mwanza. Cha kwanza kilikuwa kama sanduku dogo la chuma lenye puli ya mkanda ubavuni.

"Hii supachaja. Ndani ina mapanga mawili yaliyokumbatiana. Unaifunga mkanda kutoka kwenye injini, injini inaizungusha, yenyewe inapuliza hewa ndani. Uzuri wake haina subira, ukikanyaga tu imeitika. Ubaya wake, nguvu ya kuizungusha inatoka kwenye injini ileile unayotaka kuisaidia. Inakupa kumi, inakunyang'anya mbili."

Sikujua akaigusa puli, akaizungusha kwa kidole. Aliielewa kabla fundi hajamaliza. Aliielewa kwa mabega yake.

"Na hii?"

Cha pili kilikuwa kidogo zaidi, kingejaa kwenye bakuli la mboga, nacho kilifanana na konokono wawili waliogandana migongo.

"Hii tabo. Haina mkanda wala puli. Hii inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi uliokuwa unatupwa bure..."

Sikujua alikuwa amekwisha kurudisha mkono wake nyuma kama aliyegusa sufuria la moto.

"Funga supachaja."

"Sijamaliza kueleza."

"Nimesikia ya kutosha, fundi. Moshi sirudishi ndani ya kitu changu. Funga supachaja, Jumatatu nipande."

Abdulshakur alimtazama usoni, akaona si uso wa mtu anayebishana bei. Akasema haya, alilete gari kesho jioni.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo Sikujua hakuwa amemwambia mtu. Wachimbaji wa Mwalugesha walijua kipande chake tu, tena walikitania. Waliona kwamba mama huyu haegeshi gari karibu na duara hata mvua inyeshe. Alilisimamisha mbali, upande wa chini ambako upepo unaupeleka moshi bondeni, akaizima injini kabla hata gari halijasimama sawasawa, kisha akabeba masufuria kwa mikono. "Anaogopa shimo litapata mafua," walisema wakacheka, naye akacheka nao.

Miaka minane nyuma yeye na mumewe Pantaleo waliishi kwenye machimbo madogo upande wa Nyarugusu. Pantaleo, kijana wa Biharamulo aliyeimba besi kanisani, alichimba. Sikujua, binti wa Kolandoto, alizungusha feni. Lilikuwa sanduku la bati lenye mapanga ndani na mpini ubavuni. Ukiuzungusha mpini, hewa inaingia kwenye bomba refu la nailoni mpaka chini shimoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mumewe pumzi, na alijivunia jambo hilo kuliko pete ya ndoa.

Siku maji yalipojaa shimoni, wanaume waliishusha pampu ya petroli chini kabisa ikangurume humohumo, kwa sababu pampu ikikaa juu haiwezi kuyavuta maji kutoka kina kile. Wengi walifanya hivyo, na waliopona walidhani ni salama. Sikujua akazungusha feni. Akazungusha mpaka mabega yakafa ganzi. Hosiana, wa miezi minane, alikuwa amelazwa kwenye kanga chini ya turubai, akaanza kulia kwa njaa. Mama yake akamwimbia, akambembeleza kwa mbali, akazidi kuzungusha. Kilio kilipozidi akauachia mpini, akampakata mtoto, akamnyonyesha. Alipomaliza akaushika tena mpini na kumwita mumewe, na kutoka chini hapakuwa na jibu. Zilitolewa maiti tatu, Pantaleo akiwa mmoja wao, wote hawakuwa na jeraha hata moja.

Watu walisema ni moshi wa pampu. Sikujua alisema moyoni, ni mimi. Wiki ileile alimwachisha Hosiana ziwa. Akahamia Kharumwa, akapika, akahangaika, akamlea mtoto asikose daftari wala viatu. Ila hakumpakata tena. Kila mtoto alipomjia kifuani, mikono yake iliukumbuka mpini, naye akampa mtoto kipande cha chapati au akamtuma kitu, akamweka chini. Hosiana alizoea. Alidhani akina mama wote ndivyo walivyo.

Basi Ijumaa jioni, jua likiwa bado kali, Sikujua akaileta kirikuu gereji. Abdulshakur hakuwa ameshika spana. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanzu ya sala ya Ijumaa ameining'iniza msumarini, na ile tabo iko mapajani.

"Mama Hosiana, supachaja nitakufungia. Pesa ni yako na gari ni lako. Imetoka kwenye gari la aina nyingine, itabidi niichomelee mikono ya kuishikia, lakini nitaiweza. Ila sipendi uikatae hii kwa kosa ambalo haina."

"Kosa lake nalijua. Moshi umeshafukuzwa, wewe unaurudisha."

"Nani kakwambia unarudi?"

Akafungua skrubu, akayatenga yale makonokono mawili. Ndani yake mlikuwa na vigurudumu viwili vya mapanga, vidogo kuliko kizibo cha chupa ya chai, kimoja cheusi na kingine kinang'aa, vimeungwa na mhimili mmoja uliopita katikati ya ukuta wa chuma.

"Moshi unapita huku kwenye cheusi, unakisukuma, unakwenda zake nje. Hauendi kwingine. Hiki cheupe kiko chumba cha pili, kinazunguka kwa sababu mwenzake anazunguka. Hiki ndicho kinachovuta hewa safi ya nje na kuisukuma kwenye injini. Hawa wawili hawaonani maisha. Wanashikana mkono tu kupitia ukutani. Hebu puliza hapa."

Sikujua akakipuliza kigurudumu cheusi kama mtu anayepoza uji. Kikazunguka. Upande wa pili, mbali na pumzi yake, kile cheupe nacho kikazunguka, kikaendelea kuzunguka kimya kimya hata alipokwisha kuacha. Akapuliza tena. Hakuweza kujizuia, akapuliza mara ya tatu huku akitazama ule upande ambao pumzi yake haikufika.

"Sasa njoo uone ikiwa kazini," Abdulshakur alisema.

Pale gereji palikuwa na kirikuu ya muuza soda, iliyozaliwa na tabo yake tangu kiwandani, inasubiri breki. Abdulshakur akalegeza bomba linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, akaufunika mdomo wa injini kwa kitambaa cha wavu usimeze vumbi, akawasha. Akachukua leso mbili nyeupe. Moja akaishika nyuma, kwenye ekzosi. Alipoirudisha ilikuwa na duara jeusi katikati. Ya pili akampa Sikujua aishike mwenyewe mbele ya lile bomba, kisha akaupandisha mngurumo.

Ikaanza kwa mluzi mwembamba, mbali, kama mtu anayepita barabarani akijipigia wimbo. Mluzi ukapanda. Halafu upepo ukatoka bombani ukaikamata leso, ukainyoosha mbele ikipigapiga, ukavuma kwenye vidole vya Sikujua, ukapita kwenye mikono yake mpaka kwenye viwiko. Upepo mwingi, wa kweli, unaotoka kwenye kitu cha kujaa kiganja! Akaitazama leso. Nyeupe. Akaigeuza. Nyeupe vilevile, kama ilivyotoka kwenye pasi.

Kisha akafanya jambo ambalo Abdulshakur hakulitarajia. Akapiga magoti kwenye vumbi la gereji, akasogeza uso wake mpaka kwenye mdomo wa bomba, akavuta pumzi kwa nguvu, kifua chote. Ilikuwa hewa. Ilikuwa na joto kidogo na harufu ya chuma, lakini ilikuwa hewa. Akavuta tena, macho ameyafumba. Alitegemea kile kisunzi alichosimuliwa miaka ile na waliookoka. Hakikuja. Moshi ulikuwa ukifanya kazi mbele yake, umegeuzwa mtumwa wa hewa, na hewa ilikuwa safi.

"Kinazunguka mara ngapi?" aliuliza injini ilipozimwa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hicho kigurudumu. Kwa dakika moja."

"Ukikanyaga sawasawa? Laki moja na nusu. Kuna vinavyofika laki mbili."

Sikujua alicheka, akidhani anataniwa. Abdulshakur hakucheka.

"Laki? Kwa dakika moja hii hii?"

"Hii hii. Mimi mwenyewe nilipoambiwa mara ya kwanza nilitaka kugombana na mwalimu."

Sikujua alibaki amepiga magoti akikitazama kile kigurudumu cheupe. Mungu amewapa watu akili ya namna gani, aliwaza, watu haohao wanaokufa kizembe. Kisha maneno yakamtoka kabla hajayaruhusu.

"Mimi nilikuwa nazungusha arobaini."

"Arobaini nini?"

Akamweleza. Alimweleza akitazama chini, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba: shimo, pampu, mpini, mtoto aliyelia. Alipofika mahali alipouachia mpini, Abdulshakur akamsubiri mpaka akalisema na hilo.

Mtu mwingine angesema pole, kazi ya Mungu haina makosa. Abdulshakur hakusema hivyo. Alijifuta mikono kwa tambara muda mrefu, kisha akauliza maswali ya ufundi.

"Pampu yenyewe ilikuwa ya inchi ngapi?"

"Mbili. Ile nyekundu ndogo."

"Bomba la feni?"

"La nailoni. Mita arobaini na kitu. Lilikuwa na viraka."

"Na mikunjo?"

"Na mikunjo."

Abdulshakur akachukua kijiti akachora chini, kwenye vumbi. "Sikiliza. Hapa siongei ili ufurahi. Mgodini tulifundishwa mambo haya, tukapewa mtihani, na aliyefeli hakuruhusiwa kushuka chini. Pampu kama hiyo inatema madebe kumi na nane ya moshi kila dakika. Tena hapo nimepunguza, maana moshi ukiwa wa moto unavimba. Umenipata? Debe moja la moshi ule, ili mtu auvute asidhurike, lichanganywe na mamia ya madebe ya hewa safi. Si kumi wala ishirini. Mamia, kwa kila debe, kila dakika. Wewe na mpini wako, kwenye bomba lenye viraka na mikunjo, ulikuwa unapeleka mangapi? Tuseme kumi na tano. Haya, nikupendelee, ishirini."

Sikujua aliitazama ile michoro. Michoro ya moshi ilijaa uwanja. Ya hewa ilikuwa kistari kimoja pembeni.

"Kama nisingeuachia?"

"Ingekuwa vilevile."

"Hata kidogo?"

"Mama Hosiana, wangekuja wanaume kumi wakapokezana mpini ule bila kupepesa jicho, ingekuwa vilevile. Pampu ilipowashwa chini yalikwisha. Na walioiwasha hawakujua, maskini."

"Na mtoto?" Ndilo swali lililokuwa limekaa chini ya mengine yote kwa miaka minane.

Abdulshakur alimshangaa kweli. "Mtoto alikuwa na njaa, akanyonya. Mtoto kafanya nini?"

Sikujua akakaa juu ya tairi kuukuu akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa sauti, mpaka wauza nyanya wakachungulia kutoka ng'ambo ya ukuta na fundi akawapungia mkono warudi kwenye nyanya zao. Alimlilia Pantaleo, ambaye kumbe hakuwahi kumlilia sawasawa, kwa sababu anayejiona muuaji haoni kama ana ruhusa. Alipomaliza akajifuta kwa ile leso nyeupe, akaiharibu kabisa.

"Funga tabo," alisema.

"Usiamue kwa machozi. Supachaja nayo nzuri."

"Siamui kwa machozi. Supachaja ni mpini, fundi. Injini yangu ina mkono mdogo, nao umeshachoka na mlima. Mimi najua kuzungusha huku umechoka kukoje. Siiongezei mpini. Huo moshi unaopotea bure ndio uzungushe."

Abdulshakur akatafakari, akakubali kwa kichwa taratibu. Katika miaka yake yote ya gereji hakuna mteja aliyewahi kumpa sababu kama hiyo, na hakuona dosari yake. "Halafu imetoka kwenye injini kama yako hii hii," aliongeza kwa furaha ya fundi. "Sehemu yake ipo, ilikuwa imezibwa tu. Lakini ina adabu zake. Oili uibadilishe mapema, usinifanyie ubahili. Na ukifika unakokwenda usiizime papo hapo kama ulivyozoea. Gurudumu linakuwa bado linakwenda mbio mno, na oili ndiyo inayolipoza. Ukizima ghafla linazunguka kavu linaungua. Iache ingurume polepole dakika nzima, litulie, ndipo uzime."

"Dakika nzima nafanya nini?"

"Unakaa. Hufanyi kitu."

Abdulshakur akafanya kazi Jumamosi kutwa na Jumapili kutwa. Uji wa alfajiri na wali wa mchana Sikujua aliupandisha siku hizo mbili kwa safari za bodaboda, akichelewa na kuomba radhi, na Athanas akawa anatazama saa kwenye simu yake.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Hosiana alikaa kiti cha pembeni, ameshikilia ndoo ndogo ya kachumbari kwa miguu miwili. Masufuria yote yalikuwa nyuma. Saa sita na nusu wakaanza kupanda Mwalugesha.

Walipofika nusu ya mlima, pale kirikuu ilipozoea kukohoa, Sikujua aliukaza mkono kwenye usukani kwa mazoea, akakanyaga. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha chini ya kiti chake mluzi ukaanza, mwembamba, ukapanda, na kiti kikamsukuma mgongoni. Gari lilivuta. Lilivuta na masufuria, na maharage, na ndoo za mchuzi, na mama na mtoto, na barabara ikaanza kurudi nyuma kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona upande ule wa kilima. Waendao kwa miguu wakaruka pembeni. Mawe mekundu yakapita, miti ya mikuyati ikapita.

"Mama, nini inapiga mluzi?"

"Moshi," alisema Sikujua, na akasikia jinsi alivyolitamka neno lile bila kukunja uso.

Laki moja na nusu, aliwaza, hapa chini yangu, kitu kidogo kuliko kizibo cha chupa ya chai. Alitaka kusimamisha gari awaambie watu. Alitaka Pantaleo awepo asikie, kwa sababu Pantaleo angeuliza maswali mia moja na kuutafutia mluzi ule sauti ya pili. Machozi yalimtoka akiwa anacheka, na kilima kikaisha.

Alilisimamisha gari mahali pake palepale, mbali na maduara, upepo ukielekea bondeni. Saa saba kasoro dakika kumi. Zamu ya mchana ilikuwa imekaa kwenye magogo, sahani mikononi, Mwigulu akiwa mbele kabisa. Athanas alitazama simu, akatazama gari, akatazama simu tena. Kisha akainua mkono wake juu na kumpungia kwa nguvu, kama anayempokea ndugu stendi.

Hosiana alishika kitasa cha mlango.

"Ngoja," mama yake alisema. "Hatushuki bado. Dakika moja."

"Mbona huzimi?"

"Kuna kitu ndani kinakwenda mbio. Tunakisubiri kitulie."

"Tunakisubiri tu?"

"Tu."

Injini ilinguruma polepole. Sikujua aliitoa mikono kwenye usukani, akaitazama. Ilikuwa imekaa mapajani, mitupu. Akamgeukia binti yake, akaona kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo yeye mama hakujua limetoka wapi.

"Weka ndoo chini. Njoo hapa."

"Wapi?"

"Hapa."

Hosiana alisogea nusu nusu, kama mtoto anayeitwa na mgeni, akasimama kwenye nafasi finyu kati ya viti akisubiri kutumwa. Sikujua akamvuta, akamkalisha mapajani ingawa miguu ilikuwa mirefu na ikagonga mlango, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Mtoto alikaa mgumu kama ubao.

"Mama Hosiana!" Athanas aliita kutoka kwenye magogo. "Kuna nini? Watu wana njaa!"

"Dakika moja!" Sikujua alijibu kwa sauti kubwa, wala hakumwachia.

Taratibu ule ugumu ukaanza kulegea, kwanza shingo, kisha mabega, mpaka kichwa cha Hosiana kikalala kifuani kwa mama yake na kutulia hapo.

"Mama," alisema baada ya kitambo, sikio lake likiwa bado pale pale, "moyo wako unakwenda mbio."

"Kaa hapohapo," alisema Sikujua. "Utatulia."